Gari Lililokohoa Kuzunguka Mlima

Nyinyi mnaokunywa chai pale kwa Mzee Salim, kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande tofauti kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Salim mwenyewe amesikia habari ya paka. Koplo Wekesa amesikia habari ya Karatina, na bado ananiuliza kwa nini sikwenda kituoni. Wengine mmesikia tu kwamba nilikuwa karibu kufukuzwa. Sasa naandika yote mara moja. Kuandika nilifunzwa na wafungwa wenzangu kambini, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, kwa kijiti kwenye mchanga. Shule nyingine sina.

Na nitataja majina. Nilikaa ndani miaka mingi kwa sababu nilikataa kutaja wenzangu, na waliotaja wakapewa mashamba. Tangu nitoke, mimi nataja.

Nyeri, langoni

Gari mnalijua, mmeliona likipita hapo mjini. Jeusi, la Kiingereza, refu kama jeneza la tajiri, viti vya ngozi nyekundu, mbao inayong'aa mbele ya dereva, silinda sita. Mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliliacha wakati wa uhuru, likaingia kwa Theuri. Theuri ni mtoto wa Kanyi. Kanyi alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewatumikia wakoloni, na mimi nikiwa kambini aliita wapimaji wakaunganisha shamba la baba yangu na lake. Huyo ndiye wa kwanza kumtaja. Amekufa, lakini kufa hakumwoshi.

Leo mimi Gichuki naendesha gari la mtoto wake. Kwa kazi hiyo nina chumba cha bati nyuma ya zizi, mimi na mke wangu Nyambura na watoto, na mlango wa chumba hicho unatazama mahali palipokuwa na migomba ya baba. Nikifukuzwa kazi, natoka kwenye ile ardhi mara ya pili. Wekeni hilo kichwani, kwa maana safari yote nilikuwa nalo kichwani mwangu.

Gari lilianza kukohoa mwezi wa sita, wakati ukungu unalala mpaka saa nne. Injini inakwenda vizuri, halafu silinda moja inaruka, na gari zima linashtuka kama mtu aliyepaliwa na uji. Gereji ya mjini walibadilisha hiki na kile. Likaendelea kukohoa. Theuri akaanza kunitazama.

“Gichuki,” akaniambia asubuhi ile ya kutoka, “hii gari ilikuja na vifaa vya Ulaya. Vyote. Nani anaishika kila siku?”

“Ni mimi.”

“Basi kama kuna kifaa kimetembea, hakikutembea na miguu yake.”

Kisha akasema nimpeleke mama yake Meru kwa dada yake, halafu tuzunguke mlima turudi kwa upande wa Nanyuki. Barabara ndefu, alisema, itasafisha injini.

“Lakini ikirudi inakohoa, funguo unaachia mlinzi hapa langoni. Na Nyambura anapanga vyombo.”

Mama yake alikuwa ameshaketi nyuma, blanketi magotini, kikapu ubavuni, ugoro mkononi. Mama Theuri ni mjane wa Kanyi. Haniiti Gichuki wala haniiti dereva. Ananiita mwana wa Mbuthia, jina la baba yangu, kama mtu anayesoma bango la shamba.

“Mwana wa Mbuthia,” akasema, “twende kabla huyu hajaanza kuhubiri.”

Nyeri hadi Karatina

Kuteremka halikukohoa. Kila tulipopanda lilikohoa. Mama alikuwa akisikiliza huku ameinamisha kichwa.

“Hiki ni kikohozi cha kifua,” akasema. “Si cha koo.”

“Gari halina kifua, Mama.”

“Basi hilo linalotoa sauti ni nini?”

Karatina nikasimama kwa fundi anaitwa Muriuki, yule wa nyuma ya soko, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Huyo ni wa pili kumtaja. Alifungua plagi zote sita, akasema atazipeleka nyuma kuzisugua. Nikamfuata, akanizuia mlangoni kwa maneno mengi: habari za Nyeri, habari za kahawa, ati ninafanana na mjomba wake. Aliporudi plagi zilikuwa zinang'aa, lakini zangu zilikuwa na maandishi mekundu na hizi hazikuwa na maandishi yoyote.

“Maandishi yameenda wapi?”

“Ni moto umekula, mzee. Hii kitu inakaa ndani ya moto. Wewe ukikaa ndani ya moto utabaki na maandishi?”

Nakiri alilisema vizuri.

Nilipozunguka mbele nilimkuta Mama amesimama kwenye boneti lililo wazi, anajifuta vidole kwa jani la mgomba.

“Naangalia inavyopumua,” akasema. Kisha akarudi kiti cha nyuma akala mahindi yake ya kuchoma, nusu akanipa mimi, nusu ile yenye punje zilizoungua.

Sagana hadi Mwea

Baada ya Sagana nchi inalainika na joto linaingia. Na hapo jambo likatokea: kikohozi kikaisha. Nikafungua kioo nisikilize. Hakuna kitu. Injini ilikuwa inaimba.

Nikasimama kando ya barabara, nikafungua plagi moja niitazame vizuri, na nikaona kwamba Muriuki alikuwa amenipa plagi kuukuu, zilizopigwa brashi tu. Nilitukana mpaka Mama akaziba masikio. Halafu wazo likanijia. Kama plagi hizi za wizi zinakwenda sawa kwenye joto la Mwea, basi plagi si ugonjwa. Plagi zangu nzuri zilikohoa Nyeri, plagi hizi mbovu zinaimba hapa. Ugonjwa ulikuwa kitu kingine, kitu kinachopenda baridi.

Mpaka hapo nilikuwa naendesha kwa hofu tu. Kuanzia hapo, sitawadanganya, nilianza kutaka kujua. Hata kama ningefukuzwa nilitaka kwanza nijue.

Wang'uru tulikula wali wa pishori na maharagwe. Mama aliutazama wali kwa shaka, akasema kwao wali ni chakula cha mgonjwa au cha Krismasi, halafu akaomba sahani ya pili. Nje nzi walikuwa wamejaa kwenye boneti. Nilidhani ni joto.

Tulipopita kwenye mashamba ya mpunga nilimwonyesha mfereji.

“Huu nimeuchimba mimi.”

“Wewe peke yako?”

“Mimi na wengine waliofungwa. Kwa majembe.”

Akavuta ugoro, akapiga chafya.

“Mlikuwa mnakula nini?”

“Uji wenye mchanga.”

“Kanyi alikuwa akituambia mnakula nyama.”

Nikakanyaga mafuta. Gari halikukohoa hata mara moja.

Embu

Tulilala Embu, na asubuhi kulikuwa na manyunyu. Gari liliwaka kwa shida, likakohoa vibaya kuliko Nyeri. Mbwa wa pale tulipolala alikuwa amesimama kwa miguu miwili, pua kwenye tundu la mbele, anatikisa mkia kama amemwona bwana wake. Nikamfukuza kwa jiwe. Ningemfuata yule mbwa ningeokoa siku nzima.

Fundi wa Embu anaitwa Njiru. Namtaja, lakini si kama Muriuki. Njiru si mwizi, ni mwenye kiburi tu, na kiburi kiliniharibia petroli nyingi. Alisikiliza injini akiwa amefumba macho kama padri.

“Hii gari imezoea hewa ya Nyeri,” akasema. “Hapa hewa ni nzito. Kabureta haijui ichanganye vipi hewa na petroli.”

“Lakini jana Mwea, ambako ni chini zaidi, ilikwenda sawa.”

“Mwea ni Mwea,” akasema Njiru, akazungusha skrubu za kabureta mpaka moshi ukatoka mweusi.

Lakini kuna kitu kimoja alinifunza, na lazima nimpe haki yake. Injini ikiwa inazunguka, unavuta waya wa plagi moja baada ya nyingine. Ukivuta waya na sauti ikabadilika, ile silinda ilikuwa inafanya kazi. Ukivuta na sauti ibaki vilevile, hiyo ndiyo inayoruka. Tukavuta. Ya tatu ilikuwa imekufa. Njiru akaenda kuchukua spana, na mimi nikavuta tena peke yangu. Sasa ya tatu ilikuwa hai, ya tano ndiyo imekufa.

“Njiru, ugonjwa umehama.”

“Haiwezekani. Ugonjwa wa injini hauna miguu.”

Nikavuta ya pili, na moto ukanipiga mpaka kwenye bega, nikagonga kichwa kwenye boneti. Njiru alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini mimi nilikuwa nimeshika mpira wa waya. Moto wa plagi unapita ndani ya mpira, haupaswi kutoka. Na ule mpira ulikuwa unateleza mkononi. Nikasema ni jasho langu.

Mama akaniuliza dirishani, “Limekuuma?”

“Limeniuma.”

“Kitu kinachoumwa huuma,” akasema. “Usikigombeze.”

Embu hadi Meru

Barabara hiyo ni ya vumbi, na kila baada ya kilima kuna mto. Unateremka mpaka chini, unavuka daraja, unapanda tena, na ukifika juu unauona mto mwingine. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Kwenye kilima cha tatu au cha nne gari likakohoa mara nyingi mfululizo, likasimama katikati ya mpando.

Walitokea akina mama wa kwaya, wamevaa vitambaa vyeupe, wanatoka kwenye mazishi. Waliona gari refu jeusi na mwanamke mzee nyuma na blanketi magotini, na mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nikasikia neno “waziri.” Kabla sijasema kitu walikuwa wameshika gari nyuma na pande zote mbili, wanasukuma huku wanaimba. Mama alishusha kioo akawapungia mkono polepole, kama mtu aliyezoea.

“Mama, waambie wewe si mama wa waziri.”

“Wameniuliza?”

Tulipofika juu, kiongozi wao, mwanamke mnene aliyekuwa anatoka jasho, alikuja kwangu.

“Samahani, mzee. Hii gari imebeba nyama?”

“Haijabeba.”

“Aa. Kule mbele inanukia nyama ya kuchoma. Sisi tumetoka matangani tangu asubuhi na hatujaonja kitu.”

Na kweli, nilipovuta pumzi, ilinukia. Kondoo wa kuchoma, mwenye mafuta. Tulipoachana nao nikamgeukia Mama.

“Mama, kama ulibeba nyama ungenigawia. Mimi ndiye ninayeendesha.”

“Nyama gani?”

“Hiyo inayonukia. Umeificha kwenye kikapu.”

Alikasirika kweli. Alimwaga kikapu chote kitini: leso, ugoro, viazi vitamu vya kuchemsha, kibuyu kidogo chenye kizibo cha gunzi, dawa za miguu. “Tafuta! Tafuta hiyo nyama, mwana wa Mbuthia. Huko kambini walikufunza kupekua watu?”

“Kambini mimi ndiye niliyekuwa napekuliwa,” nikasema. “Na aliyenipekua ni mume wako.”

Hilo lilitoka lenyewe. Mama akarudisha vitu kikapuni kimoja kimoja.

Meru

Dada yake anaitwa Wanjira, aliolewa na Mmeru zamani, na hawakuwa wameonana tangu kabla ya Hali ya Hatari. Nilitarajia machozi. Wanjira alisimama mlangoni, akalitazama gari likiingia kwa kikohozi chake.

“Gari kubwa hivi, na linakohoa kama mzee wangu!”

“Mzee wako angalau ana mtu wa kumlisha ugali,” Mama akajibu, na hapo ndipo wakashikana, wakalia, wakacheka, wakaketi wameshikana mikono mpaka jioni. Mimi nililetewa ndizi zilizopondwa na njahi, yale maharagwe meusi, bakuli la mtu aliyetoka kulima.

Kesho yake wakamchinjia kondoo dume. Nilimwona Wanjira mwenyewe akiyeyusha mafuta na kujaza kile kibuyu cha dada yake mpaka juu. Nilidhani ni ya magoti. Nililala nikiwaza ya tatu, ya tano, ya pili. Kitu kinachopenda baridi na manyunyu. Kitu kinachohama. Moto unaotoka nje ya mpira. Nilikuwa nimekaribia, lakini nilikuwa natafuta kilichopungua kwenye injini. Theuri alikuwa ameniambia kuna kifaa kimetembea, na mimi mjinga nikawa natafuta kilichotembea. Sikufikiri kuna kilichoongezwa.

Timau hadi Nanyuki

Kutoka Meru unapanda tu, mpaka Timau, na huko baridi ina meno. Mvua nyembamba ilikuwa inapigwa ubavuni na upepo. Gari liliruka silinda moja, halafu mbili. Nilishuka mara nne kufungua boneti, bila koti, kwa sababu koti nilikuwa nimemfunika Mama miguu. Mara ya nne nikaanza kukohoa mimi mwenyewe.

“Sasa mko wawili,” Mama akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya hiari kwangu tangu ile habari ya kikapu.

Niliwaza Nyambura anavyofunga sufuria kwa kamba. Alishafanya hivyo mara moja, peke yake, na mtoto mgongoni, siku wakoloni walipowahamishia kwenye kijiji kilichozungushiwa waya wa miba. Kwa gari lile, vile lilivyokuwa, nisingefika langoni, achilia mbali kuingia.

Tuliingia Nanyuki kwa silinda nne. Nikamwacha Mama kwenye hoteli ya chai, nikaingia gereji ya Hamisi, pale karibu na msikiti. Hamisi ni mzaliwa wa Nanyuki, baba yake alikuwa mpishi wa jeshi, na anaongea kuliko redio.

“Karibu, mzee wangu, karibu! Lakini umekosea njia, hospitali ya kifua iko kule juu. Nani mgonjwa, ni wewe au ni gari?”

“Sote.”

“Gari nitalitibu. Wewe kunywa tangawizi.” Akasikiliza kidogo. “Maji kwenye petroli. Nakuapia.”

Akamwaga tangi lote. Hapakuwa na maji. “Basi ni koili, ile inayozaa moto wa plagi,” akasema, bila kuona haya hata kidogo. Akaweka koili nyingine. Likakohoa vilevile.

Hapo ndipo paka alipokuja. Paka wa gereji, wa kijivu, sikio moja limekatika. Tulizima injini tukiwa tunabishana, na yeye akaruka juu ya taa, akaingia chini ya boneti, akaanza kulamba waya za plagi. Hakuwa anaonja. Alilamba waya mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, macho yamefumba nusu.

“Shenzi wee, toka!” Hamisi akamrushia kitambaa. Halafu akasimama. “Subiri. Huyu paka amezaliwa humu ndani. Hajawahi kula waya.”

Nilipitisha kidole kwenye waya nikakinusa. Kondoo. Kondoo dume, na vumbi la Embu mpaka Meru limegandia juu yake, jeusi kama masizi, na mvua ya Timau juu ya vumbi.

“Hamisi,” nikasema, “tunahitaji giza.”

Nilikimbia hotelini nikamnyang'anya Mama blanketi, karibu kwa nguvu. Tukalitandika juu ya boneti lililo wazi, vichwa vyetu ndani, mchana kweupe nje. Hamisi akamwita mtu awashe. Na nikaona. Wallahi, kama anavyosema Hamisi, nikaona. Moto wa buluu, mwembamba kama uzi, ulikuwa unatembea nje ya waya, kwenye yale mafuta machafu. Unatoka kwenye kofia ya distribyuta, pale moto unapogawiwa kila plagi, unatambaa, unaruka kwenye chuma cha injini unakufa, na palepale silinda inakosa. Halafu unatokea kwenye waya mwingine. Ya tatu. Ya tano. Ya pili.

“Bismillahi,” Hamisi akasema karibu na sikio langu. “Unahama kweli.”

Tulikaa chini ya blanketi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Kambini nilijifunza kwamba kitu kikikutesa bila sura kinakula mara mbili. Sasa nilikuwa nimekiona sura.

Hamisi akatoka nje akifuta jasho. “Sasa niambie, nani amekaanga hii injini?”

Hoteli ya chai

Mama alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

“Umerudisha blanketi langu?”

“Mama, nani alipaka injini mafuta ya kondoo?”

“Mimi,” akasema, kana kwamba nimemuuliza jina lake. “Kila asubuhi, na kila mara likizidiwa. Kuanzia ule mwezi wa ukungu. Wewe ulikuwa unalipiga na spana tu.”

“Kwa nini, Mama?”

“Mtoto akikohoa unampaka nini?”

“Mafuta ya kondoo.”

“Wapi?”

Sikutaka kujibu, lakini mtu amefunzwa kumjibu mzee. “Kifuani.”

“Na hilo ulilokuwa unafungua kila saa ni mgongo?”

Mwenye hoteli alikuwa ameacha kufuta meza. Nikaeleza. Nikaeleza moto wa buluu, vumbi, mvua, jinsi kikohozi cha kwanza kilikuwa cha ukungu tu na kingepita chenyewe, jinsi alivyokuwa anapaka na kuongeza, anapaka na kuongeza. Nikamwambia kwamba Theuri anasema nimeuza vifaa, na chumba changu kilikuwa kinaondoka kwa hicho kidole chake cha mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Umemaliza? Kunywa chai. Unakohoa.”

Hamisi alipangusa kila waya kwa petroli na kitambaa kikavu, akasugua kofia ya distribyuta ndani na nje, akarudisha kabureta pale Njiru alipoitoa, akanipatia plagi za kweli. Nikawasha. Gari likanguruma mara moja tu, halafu likawa kama cherehani ya fundi mzuri. Nilizima nikawasha tena ili nisikie.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, blanketi mabegani, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Umeona?” akasema. “Hii dawa haina haraka. Lakini ikishaingia, imeingia.”

Hamisi alikimbilia nyuma ya gereji kucheka. Mimi sikucheka. Baadaye kidogo nilicheka, lakini wakati huo tulikuwa tumeshapita Naro Moru.

Nyeri, langoni tena

Theuri alikuwa amesimama palepale alipokuwa siku ya kutoka. Akaniambia nisizime. Akasikiliza, akaweka mkono kwenye boneti, akasikiliza tena. Nilikuwa nangoja anisifu. Nilikuwa nimekosea, kwa sababu bado sikuwajua watu wa nyumba ile vya kutosha.

“Kwa hiyo umevirudisha,” akasema.

“Nimerudisha nini?”

“Vifaa. Ulipoona nimekushika, umeenda ukavinunua tena kwa yule uliyemuuzia. Sasa taja, Gichuki. Ulimuuzia nani?”

Taja. Neno lenyewe lile. Nilipigwa kwa neno hilo na vijana wa baba yake, kwenye kibanda kisicho na dirisha, na nikafunga mdomo. Nilimtazama Theuri nikaona ana pua ya Kanyi. Nyambura alikuwa ametoka mlangoni mwa chumba chetu na mtoto kiunoni, na nyuma yake niliona kapu kubwa limeshatolewa nje.

“Ni mama yako,” nikasema.

“Nini?”

“Mwenye kuliharibu gari. Umesema nitaje, nimetaja. Ni mama yako.”

Alinyoosha mkono apokee funguo. Hata hakupiga kelele. “Unamsingizia mama yangu. Mwanamke mzee. Leta funguo.”

Nikazitoa. Zilikuwa tayari hewani, kati ya mkono wangu na wake, wakati mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Mama alishuka polepole, akapita katikati yetu kama sisi ni miti, na kibuyu mkononi, akaondoa kizibo cha gunzi.

“Theuri, inua hiki kifuniko,” akasema, akigonga boneti. “Nilipake la mwisho. Limepona, lakini ukiacha dawa katikati linarudi.”

Theuri alitazama kibuyu. Alitazama kidole cha mama yake, kile cha shahada, ambacho kilikuwa cheusi mpaka kwenye kifundo.

“Maitu,” akasema, yaani mama kwa lugha yetu, “umekuwa ukipaka gari?”

“Nani mwingine angelipaka? Wewe ulikuwa unalala. Huyu alikuwa analipiga.” Akanielekezea kidevu. “Ningekuachieni nyinyi wawili lingeshakufa.”

Theuri hakuniomba radhi. Nyumba ile haina neno hilo. Alirudisha mkono wake mfukoni, akasema gari lioshwe, akaingia ndani. Nikabaki na funguo. Nyambura akalirudisha kapu ndani bila kuniuliza kitu.

Nilitaka kumwambia Mama kwamba kuanzia leo asiguse injini tena, na nikafungua mdomo, lakini kilichotoka ni kikohozi. Kile cha Timau. Kilinikunja mpaka nikashika mlango wa gari.

“Njoo hapa, mwana wa Mbuthia,” akasema. “Fungua shati.”

Nilisimama. Yule ni mjane wa Kanyi. Kondoo wa Theuri wanalishwa pale palipokuwa na migomba ya baba, na ingawa mafuta yale yalitoka Meru, mkono ulikuwa wa nyumba ile. Hayo yote niliyafikiri nikiwa nimeshika kifungo cha kwanza. Wa mwisho kumtaja ni yeye, Mama Theuri, na nimeshamtaja mbele ya mwanawe, na sasa namtaja kwenu.

Nikafungua vifungo viwili. Mkono wake ulikuwa na joto na mkwaruzo wa mtu aliyelima maisha yake yote, na ulinukia kama injini.

Kikohozi kiliisha. Hakikuwa na haraka, lakini kiliisha.